Maswali ya Wapiga Gita: Pikapu ya Kumfuata Mpigaji Umpendaye

Barua nyingi zilizofika katika safu hii majuma ya karibuni zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Msomaji anampenda mpiga gita fulani, anatamani gita lake litoe sauti kama ya mpigaji huyo, na ameambiwa kwamba dawa yake ni kubadilisha pikapu. Nimechagua barua tano. Kwa msomaji ambaye neno pikapu humletea picha ya gari la kubebea mahindi, ninaeleza kwamba hapa ninazungumzia kile kipande kinachokaa chini ya nyuzi za gita la umeme, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, uga wa sumaku hubadilika na umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, nao ndio unaopelekwa kwenye amplifaya. Waya huo uliozungushwa huitwa koili; pikapu yenye koili mbili pamoja huitwa hambaka; na ukinzani, yaani kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme, hutajwa kwa kiloomu.

*Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mpiga solo katika bendi ya benga hapa Kondele, Kisumu. Gita langu lina umbo la Stratocaster, lina pikapu mbili za koili moja, na karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gita, lina hambaka. Kwa miaka mingi nimetamani sauti ya solo inayosikika katika rekodi za marehemu D.O. Misiani na Shirati Jazz: kali, safi, kila noti imesimama peke yake. Muuzaji mmoja wa mtandaoni amenishauri ninunue hambaka yenye sumaku ya seramiki na ukinzani wa kiloomu 15, akisema kwamba ina nguvu na itapenya katikati ya ngoma na besi. Je, ninunue? — Mpiga Solo, Kondele*

Ndugu yangu wa Kondele, pesa hizo ziweke kwanza. Hambaka uliyoshauriwa itakupeleka mbali na sauti unayoitafuta, na nitakueleza sababu kwa kirefu kwa kuwa kosa hili linawagharimu vijana wengi wanaopiga benga.

Neno nguvu katika matangazo ya pikapu lina maana ya kwamba mizunguko ya waya ni mingi, na kwa hiyo umeme unaotoka ni mwingi. Wasilosema wauzaji ni kwamba mizunguko inapoongezeka, koili huzidi kuzizuia sauti za juu. Kila pikapu, ikishaunganishwa na waya wa gita unaokwenda kwenye amplifaya, huwa na kilele chake, yaani kiwango cha mitikisiko ambacho inakipaza kuliko vingine vyote, na juu ya kilele hicho sauti hushuka haraka. Pikapu ya koili moja ya mtindo wa Stratocaster, yenye ukinzani wa kiloomu 6 hivi, ikiunganishwa na waya wa mita 6, hufika kileleni karibu na mitikisiko 3,900 kwa sekunde. Hambaka ya mtindo wa zamani, ya kiloomu 8, hufika karibu na 2,900. Ile uliyoonyeshwa ya kiloomu 15 huenda ikashuka hadi karibu na 2,100. Sikio la binadamu ni jepesi mno kati ya mitikisiko 2,000 na 5,000, na ukali unaoupenda katika solo ya benga unakaa humo humo. Mpigaji wa roki nzito anafaidika na pikapu ya namna hiyo kwa sababu anataka kuisukuma amplifaya mpaka ikwaruze, na mkwaruzo wenyewe humrudishia ukali aliopoteza. Wewe hutaki mkwaruzo, kwa hiyo utabaki na unene tu, na unene huo utaingia katika eneo lile lile ambalo gita la pili na besi tayari wanaligombania.

Hebu turudi kwenye sauti yenyewe. Benga ilizaliwa mikononi mwa watu waliokua wakisikiliza nyatiti. Ala hiyo ina nyuzi nane, hudonolewa kwa vidole, na kila noti huanza kwa mdonoo mkali kisha hufifia upesi na kuiachia nafasi noti inayofuata, huku mpigaji akigonga ukingo wa ala kwa pete ya chuma aliyoivaa kwenye kidole cha mguu. Gita la solo la benga limerithi tabia hiyo: noti fupi, zinazofuatana kwa kasi, na kila moja ikiwa na mwanzo unaosikika wazi. Sikiliza sehemu ile ambapo waimbaji wananyamaza na magita yanaachiwa uwanja, nawe utagundua kwamba hakuna noti inayoburuzwa. Pikapu inayofaa kazi hiyo ni ile inayopitisha mwanzo wa noti bila kuuviringa, na hiyo ni pikapu ya koili moja isiyo na waya mwingi, yenye sumaku za alniko namba 5, na ukinzani wa kati ya kiloomu 5.7 na 6.3. Alniko ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma, na namba 5 ndiyo yenye ukali zaidi kuliko namba 2 au 3, ambazo hulainisha mdonoo.

Jambo la kufurahisha ni kwamba tayari unazo pikapu mbili za aina hiyo kwenye gita lako. Kabla ya kununua chochote, jaribu ile ya katikati peke yake, kisha ile ya katikati pamoja na hambaka ikiwa swichi yako inaruhusu kuigawa ili koili yake moja tu ifanye kazi. Ukiona kwamba kweli unahitaji mdonoo wa karibu na daraja, ambao ndio mkali kuliko wote kwa sababu uzi hautikisiki sana pale na sauti za msingi huwa chache, basi tafuta pikapu ya koili moja iliyotengenezwa kwa ukubwa wa hambaka, ili usilazimike kuchonga mwili wa gita.

Kuna jambo jingine ambalo nina hakika linakuhusu, kwa maana nimeliona katika kumbi nyingi kuanzia Kisumu hadi Homa Bay. Bendi nyingi hazina amplifaya ya gita, kwa hiyo mpigaji huchomeka waya wake moja kwa moja kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, katika tundu lililokusudiwa kinanda. Tundu la amplifaya ya gita huwa na ukinzani wa kiloomu 1,000 hivi, lakini tundu la kawaida la mikisa mara nyingi huwa na kiloomu 10 au 20 tu. Pikapu ya kawaida isiyo na betri haiwezi kuhimili mzigo huo. Kilele nilichokieleza hapo juu hubanwa mpaka kikapotea, sauti ikawa kama imefunikwa blanketi, na mpigaji akatoka ukumbini akiamini kwamba pikapu zake ni mbovu. Nunua kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya gita na mikisa ili pikapu isibebe mzigo huo, cha aina inayotumia umeme wake yenyewe, chomeka gita humo, kisha kisanduku kiende kwenye mikisa. Ikiwa una pesa za kitu kimoja tu mwaka huu, nunua hicho kabla ya pikapu yoyote.

Waya nao utazame. Kila mita ya waya wa gita huongeza takriban pikofaradi 100 za uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, na mzigo huo hukishusha kilele. Ukiacha waya wa mita 6 na kutumia wa mita 3, ile pikapu ya koili moja hupanda kutoka mitikisiko 3,900 hadi karibu 5,100. Utaisikia tofauti hiyo bila kuambiwa.

Mwisho, chukua bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, yaani kile chuma cha mlalo cha mwisho shingoni kuelekea mwilini, kisha pima nafasi iliyopo kati ya uzi na nguzo ya sumaku. Kwa pikapu za Stratocaster anza na milimita 2 upande wa nyuzi nene na milimita 1.6 upande wa nyuzi nyembamba, halafu teremsha kidogo kidogo huku ukisikiliza. Sumaku zikikaribia mno huvuta uzi, noti hupindika, na nyuzi nene hazikubali kutuni hata ufanyeje. Mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, nilitumia akiba ya miezi mitano kununua pikapu niliyoambiwa kwamba ingenipa sauti ya mpigaji niliyempenda, na baada ya kuifunga nikaambulia sauti nzito iliyozama. Pikapu za zamani nilipozirudisha na kuziteremsha kwa milimita moja, nilisikia kwa mara ya kwanza kitu kinachokaribia sauti niliyokuwa nikiitafuta.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi hapa Kakamega. Nina gita la umbo la Les Paul lenye hambaka mbili. Nimetazama mara nyingi jinsi Carlos Santana alivyopiga katika tamasha la Woodstock, Marekani, mwaka 1969, na nataka sauti ile ile inayolia na kudumu. Ninajua kwamba yeye hutumia hambaka, kwa sababu ninaziona kwenye gita lake katika picha. Ni hambaka gani ninunue? — Kijana wa Kakamega*

Mwanangu, swali lako ni zuri, na limenipa nafasi ya kusema jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike. Picha unayoitazama si ya siku ile. Santana amepiga kwa muda mrefu magita ya PRS yenye hambaka, na hayo ndiyo yanayoonekana katika picha zake nyingi, lakini Woodstock mwezi Agosti 1969 alishika Gibson SG yenye pikapu za P-90. Hizo ni pikapu za koili moja, pana na fupi, ambazo Gibson ilianza kuzitumia mwaka 1946, miaka zaidi ya kumi kabla hambaka haijafika madukani. P-90 ina waya mwingi kuliko pikapu ya Stratocaster na sumaku mbili bapa zilizolala chini ya koili, na ndiyo maana sauti yake ina nyama katikati bila kupoteza makali. Ukinunua hambaka kwa ajili ya kupata sauti ya siku ile, utakuwa umenunua kitu ambacho hakikuwepo jukwaani.

Hali ni hiyo hiyo kwa wengine. David Gilmour wa Pink Floyd anajulikana ulimwenguni kwa Stratocaster yake nyeusi, na maelfu ya watu wamenunua pikapu za Stratocaster kwa ajili ya kuiga solo ya "Another Brick in the Wall, Part 2" ya mwaka 1979, lakini solo hiyo aliipiga kwa Les Paul yenye P-90. Jimi Hendrix naye alitumia Stratocaster ya mtu wa mkono wa kulia iliyogeuzwa kwa ajili ya mkono wa kushoto, na kugeuzwa huko kuliifanya pikapu ya darajani, ambayo imewekwa kwa mshazari, iinamie upande wa pili: nyuzi nene zikasikika kutoka karibu na daraja na nyuzi nyembamba kutoka mbali kidogo. Anayenunua pikapu zenye jina la Hendrix na kuzifunga kwenye gita ambalo halijageuzwa hapati jambo hilo.

Kwa hiyo chagua kwanza wimbo mmoja, kisha rekodi moja ya wimbo huo, halafu uliza ni gita lipi lililotumika katika rekodi hiyo na pikapu ipi iliyokuwa imewashwa. Mpigaji mmoja huwa na sauti kumi katika maisha yake, na pikapu haiwezi kukupa zote kumi.

Sasa nikujibu moja kwa moja. Kuna P-90 zinazotengenezwa kwa ukubwa wa hambaka, nazo zitaingia kwenye gita lako bila kuchonga mbao. Funga moja upande wa shingo, uache hambaka ya darajani kama ilivyo. Ama kule kudumu kwa noti unakokupenda, sehemu kubwa ilitoka kwa amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho, kiasi kwamba mawimbi ya spika yalirudi na kuutikisa uzi upya. Hutaweza kufanya hivyo katika chumba cha bweni. Kisanduku kidogo cha mkwaruzo, ukiacha nobu yake ya ukali chini ya nusu na kupunguza nobu ya toni ya gita, kitakusogeza karibu vya kutosha kwa sasa.

*Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Nina bendi ndogo ya akina mama tunaoimba nyimbo za injili kwa mtindo wa kantri, ambao kama unavyojua unapendwa sana huku kwetu. Ninampenda James Burton aliyempigia Elvis Presley, na ule mlio wake wa Telecaster unaopasuka. Gita langu lina hambaka mbili na shingo fupi kidogo. Fundi ameniambia kwamba anaweza kuzigawa hambaka ziwe koili moja moja, na kwamba nitapata Telecaster. Je, ni kweli? — Mama wa Bendi, Nakuru*

Dada yangu, fundi wako amesema nusu ya ukweli. Hambaka ni koili mbili zilizowekwa pamoja, na ukiizima moja, inayobaki hufanya kazi kama pikapu ya koili moja. Kazi hiyo huwa rahisi ikiwa pikapu ina waya nne ndani ya ganda la kebo yake, mbali na ule wa kinga. Mwambie fundi afungue kifuniko cha nyuma ahesabu kabla hajakutajia bei. Akikuta waya mmoja uliozungukwa na msuko wa chuma, haitagawanyika bila kufunguliwa yenyewe, nami sikushauri uruhusu ifunguliwe.

Lakini hata ikigawanyika, mlio wa Telecaster haukutokana na idadi ya koili peke yake. Gita hilo, ambalo Leo Fender alilitoa mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster na likaanza kuitwa Telecaster mwaka 1951, lina pikapu ya darajani iliyofungwa ndani ya bamba la chuma la daraja lenyewe, na chini yake ina bamba jingine la chuma lililopakwa shaba. Mabamba hayo hubadilisha uga wa sumaku na kuongeza ule mpasuko unaoupenda. Pikapu hiyo pia ina mizunguko mingi kidogo kuliko ya Stratocaster, ndiyo maana haisikiki nyembamba. Koili iliyogawanywa kutoka kwenye hambaka haina lolote kati ya hayo: ina nusu ya waya, na itakupa sauti dhaifu inayohitaji kuongezwa kwenye amplifaya kila unapoiwasha, pamoja na mvumo ambao hambaka ilikuwa ikikuepusha nao.

Kisha kuna urefu wa uzi. Kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani, Telecaster ina milimita 648, na magita mengi ya aina yako yana milimita 628 hivi. Tofauti hiyo ya sentimita mbili inaonekana ndogo, lakini uzi ule ule ukitakiwa kufikia noti ile ile katika urefu mkubwa, lazima ukazwe zaidi, na uzi uliokazwa hujibu kidole kwa haraka na kwa ukali zaidi. Hakuna pikapu inayoweza kurefusha shingo.

Kwa moyo mkunjufu nakushauri usitumie pesa kwa pikapu. Magita ya umbo la Telecaster ni ya muundo rahisi kuliko yote, mbao mbili zilizofungwa kwa skrubu nne, na hata yale ya bei ya chini hukaribia mlio huo kuliko hambaka yoyote iliyogawanywa. Pesa za pikapu mbili nzuri pamoja na ufundi zinakaribia bei ya moja lililotumika. Mkipata harusi mbili au tatu za kulipwa, nunua hilo, na gita lako la sasa mpe mwenzako anayepiga gita la pili, kwa kuwa unene wa hambaka chini ya sauti za waimbaji wanawake ni jambo zuri sana.

*Mwalimu, niko Busia. Nilibadilisha pikapu zote nikaweka za koili moja ili nipate sauti ya Hendrix, na sasa gita linavuma kupita kiasi kila tunapopiga kanisani. Je, nimeuziwa pikapu mbovu? — Mpiga Gita, Busia*

La, hujauziwa pikapu mbovu. Umeme wa Kenya hutikisika kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila koili iliyo karibu na transfoma, taa za mirija au nyaya za ukutani huupokea mtikisiko huo kama inavyoupokea wa uzi. Ndiyo sababu Seth Lover wa Gibson alibuni hambaka mwaka 1955: koili mbili zinazozungushwa ili mvumo wa moja uufute wa nyingine, huku sauti ya uzi ikijumlishwa. Geuza mwili wako pole pole ukiwa umeshika gita, na utapata upande ambao mvumo unapungua sana. Piga ukiwa umeelekea huko. Kama pikapu yako ya katikati imezungushwa kinyume, jambo linalofanywa siku hizi katika seti nyingi, nafasi ya pili na ya nne za swichi hazitavuma. Ndani ya gita, fundi anaweza kubandika karatasi ya shaba kwenye mashimo ya pikapu na kuiunganisha na waya wa athi, yaani ule wa kupeleka umeme ardhini, nayo husaidia dhidi ya mlio mkali wa juu ingawa haiondoi mvumo mzito. Hata hivyo, ukigusa nyuzi huku midomo yako ikiwa kwenye maikrofoni na ukapigwa na umeme, acha kupiga papo hapo, kwa maana hilo si suala la pikapu tena. Huenda waya wa athi wa jengo au wa amplifaya umekatika, na jambo hilo huua.

*Mwalimu, marehemu mjomba wangu alipiga gita katika bendi ya dansi hapa Bungoma, na sauti yake ndiyo iliyonifanya nipende muziki. Nimerithi gita lake. Pikapu ya shingoni inafanya kazi, lakini ile ya darajani, ambayo yeye aliitumia zaidi, imekufa kabisa. Wengine wananiambia ninunue mpya, na jirani yangu ni fundi wa jua kali anayesuka upya mota za umeme. Je, anaweza kuisuka pikapu? Ninataka sauti ya mjomba. — Mpwa, Bungoma*

Mpwa wetu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Usinunue mpya mpaka umejaribu kuifufua hiyo, kwa sababu miongoni mwa wote walioniandikia, wewe peke yako unaishika mkononi pikapu ile ile iliyotoa sauti unayoitafuta.

Anza kwa mita ya fundi. Tenganisha pikapu na waya zake nyingine, kisha pima ukinzani wake. Ikiwa mita haionyeshi njia yoyote ya umeme, waya umekatika mahali fulani, na mara nyingi umekatika mwanzoni au mwishoni mwa koili, pale ulipolehemiwa, kwa sababu jasho na unyevu huula waya pale kwanza. Mwisho wa nje unaonekana. Ukiuona umeachana na kijicho cha kulehemia, kunjua mzunguko mmoja au miwili, kwangua rangi yake kwa upole, ulehemu tena, na huenda kazi ikaishia hapo.

Ikiwa umekatikia ndani, jirani yako anaweza, lakini mweleze mapema kwamba waya wa kazi hii haufanani na aliouzoea. Waya wa pikapu za kawaida una unene wa milimita 0.063 hivi, karibu na unywele wa mtu, na hukatika kwa kuvutwa kidogo tu. Mizunguko hufika kati ya 5,000 na 10,000 kwa koili moja, kwa hiyo itamlazimu kutumia mota ndogo ya polepole, kama ya cherehani, pamoja na kihesabio cha mizunguko, huku akiuongoza waya kati ya vidole viwili vilivyovishwa kitambaa laini. Fundi mzuri wa mota ana subira hiyo tayari. Asivute sana, asilegeze sana.

Pikapu ya shingoni iliyo hai ndiyo mwongozo wenu. Pimeni ukinzani wake mwandike. Mkifunua koili iliyokufa, hesabuni mizunguko mnavyoikunjua ikiwa waya unakubali kutoka mzima. Usipokubali, pimeni uzito wa waya wote uliotoka, kisha mrudishe uzito ule ule wa waya wenye unene ule ule. Kabla ya kuanza kuikunjua, andikeni koili ilikuwa imezungushwa kuelekea upande gani, na wekeni alama ya wino juu ya kila sumaku kuonyesha upande unaotazama nyuzi, kwa kuwa mkibadilisha kimoja kati ya hivyo viwili, pikapu mbili zikiwashwa pamoja zitapunguzana nguvu na sauti itakuwa nyembamba kama ya simu. Msiziguse sumaku kwa nyundo wala msizichomoe ikiwa zimeshikamana na kiini cha koili. Kuzeeka kwake ni sehemu ya sauti ya mjomba wako, na sumaku mpya za alniko, hata zikiwa za namba ile ile, huwa na nguvu zaidi kidogo.

Koili ikikamilika na kupimwa, izamisheni katika nta ya mishumaa iliyochanganywa na sehemu ndogo ya nta ya nyuki, ikiwa na joto la nyuzi 65 za Selsiasi hivi, mpaka viputo viache kutoka. Nta huzuia mizunguko isitikisike na kupiga mluzi mbele ya spika. Iyeyusheni katika sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji moto, kamwe msiiweke juu ya moto wenyewe, na joto lisizidi hapo, kwa maana kiini cha plastiki kitajikunja. Waya mliouondoa uwekeni katika bahasha pamoja na ile hesabu ya mizunguko.